Kahawa Ileile, Vilima Vilevile: Moyo wa Kazi Hutoka Wapi Nyakati za Misukosuko?

Dunia inapochafuka, wosia wa kwanza tunaopeana ni wa subira. Tunaambiana kwamba mvumilivu hula mbivu, kisha kila mmoja hurudi kazini kwake akitumaini kuwa maneno hayo yatamfikisha mwisho wa mwezi. Methali hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, iko habari moja ambayo haitwambii, nayo ndiyo ambayo kila mwenye duka, kila mkulima na kila fundi angependa kuijua: mtu huupata wapi uvumilivu wenyewe wakati bei imeanguka, deni limeiva na barabara imefungwa?

Swali hili linatuhusu sisi raia, si wafanyabiashara peke yao. Nchi huendeshwa na watu wanaoendelea kufanya kazi njema hata pale ambapo kazi hiyo hailipi vizuri. Linawahusu zaidi wale walioamua kufanya biashara endelevu, yaani biashara inayompa mtu riziki ya leo bila kumnyang'anya mwanawe riziki ya kesho. Biashara hiyo haichoshi udongo wala haichafui mto, tena haimlipi mzalishaji ujira mdogo kiasi cha kumfanya ashindwe kurudi shambani msimu ujao. Biashara ya namna hii huchelewa kuzaa matunda. Kwa sababu hiyo, misukosuko inapokuja, ndiyo ya kwanza kushawishiwa kuachwa.

Leo ninakualika tulitafute jibu katika historia ya zao moja: kahawa ya Rwanda. Nimelichagua kwa sababu limetuachia mfano adimu. Mara mbili katika muda wa miaka 12 hivi, bei ya kahawa duniani iliporomoka vibaya. Mara ya kwanza wakulima wa Rwanda walivunjika moyo, wengine wakaing'oa mibuni yao. Mara ya pili bei ilikuwa mbaya zaidi, na nchi ilikuwa imetoka katika maangamizi makubwa kuliko yote ya historia yake. Lakini wakulima walewale, juu ya vilima vilevile, walianza kazi mpya na ngumu kuliko ya zamani. Tukijua ni nini kilichobadilika kati ya nyakati hizo mbili, tutakuwa tumekaribia jibu.

Zao lililopandwa kwa amri

Kahawa ililetwa Rwanda na wamisionari mwanzoni mwa karne ya 20. Mibirizi, kusini-magharibi mwa nchi, hutajwa kuwa mahali ilipopandwa kwa mara ya kwanza, mwaka 1904. Wabelgiji waliiteka nchi mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na katika miaka ya 1930 waliieneza kahawa kwa nguvu. Wakulima waliamriwa kupanda mibuni na kuitunza, na kwa kuwa kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, hawakuwa na njia nyepesi ya kulikwepa zao hilo.

Hapa linganisha kidogo na jirani zetu. Katika miaka hiyohiyo, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, Wachaga walikuwa wamekwisha kuunda umoja wao wa wakulima wa kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 ukawapo ushirika mashuhuri wa KNCU wenye makao yake Moshi. Nao pia walikuwa chini ya ukoloni, lakini walikuwa na chombo cha kusemea. Mwaka 1937, sheria ilipowalazimisha wakulima wote kuuza kupitia ushirika huo, baadhi yao walifanya ghasia. Kumbuka tukio hilo, maana tutalirudia: hata chombo chema, kikigeuzwa kuwa amri, huchukiwa na wenyewe.

Rwanda ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Bendera ilibadilika, lakini uhusiano wa mkulima na mbuni wake haukubadilika sana. Kung'oa mibuni au kuitelekeza kulikatazwa na sheria. Bei ilipangwa na serikali mjini Kigali, na shirika la OCIR-Café ndilo lililosimamia zao. Mkulima alivuna, akalimenya tunda nyumbani kwa jiwe au kwa mashine ndogo ya mkono, akaziosha punje kwa maji aliyoyapata, akazianika na kumwuzia mchuuzi. Kahawa iliyotoka nyumba moja ilichanganywa na ya nyumba nyingine, nzuri na mbaya kwa bei moja. Aliyejitahidi hakupata zaidi ya aliyezembea.

Ndugu mwanafunzi, mpangilio huo una mantiki yake mwenyewe. Ikiwa bidii haiongezi hata faranga moja, uzembe si tabia mbaya ya mtu. Ni hesabu yake. Na wakulima wengi walikuwa hawajawahi kuionja kahawa waliyoipanda. Walijua uzito wake mgongoni na bei yake mizanini, basi. Ladha yake waliijua watu wa ng'ambo.

1989: amri bila bei

Kwa miaka mingi bei ya kahawa duniani ilikuwa imeshikiliwa na mkataba wa kimataifa uliowagawia wazalishaji viwango vya kuuza. Mwezi Julai 1989 nchi wanachama zilishindwa kuafikiana, utaratibu wa viwango ukavunjika, na katika muda wa miezi michache bei ikashuka kwa takriban nusu. Kwa Rwanda, iliyokuwa ikipata zaidi ya nusu ya fedha zake za kigeni kutokana na kahawa, hilo lilikuwa kama kupigwa dafrao gizani.

Kwa muda serikali ilijaribu kuishikilia bei ya mkulima. Kisha, mwaka 1990, bei hiyo ilipunguzwa kutoka faranga 125 kwa kilo hadi faranga 100. Mwaka huohuo, tarehe 1 Oktoba, vita vilianza. Thamani ya faranga ilishushwa, bidhaa za dukani zikapanda bei, na mkulima akajikuta na zao lisilolisha tumbo wala kujaza mfuko. Ndipo wengi walipofanya jambo ambalo sheria ilikuwa imelikataza: waliing'oa mibuni wakapanda maharage, viazi na migomba.

Tusiwahukumu haraka. Aliyeng'oa mbuni hakukosa uvumilivu. Mbuni huchukua miaka mitatu hadi minne kabla ya kuzaa, na watu hao walikuwa wameyapa mashamba hayo miaka mingi ya maisha yao. Walichokosa ni sababu ya kuendelea. Kazi yao ilikuwa imesimama juu ya nguzo mbili tu, amri na bei. Bei ilipoanguka ilibaki amri, na amri peke yake haijawahi kumwamsha mtu alfajiri akaenda shambani kwa moyo mweupe.

Kisha ukaja mwaka 1994 na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Katika muda wa siku mia moja hivi, kuanzia Aprili hadi Julai, zaidi ya watu milioni moja waliuawa kwa hesabu ya serikali ya Rwanda. Sitayaeleza hapa kwa urefu, kwa kuwa hayafai kuwa mfano wa pembeni katika makala ya kahawa. Nitasema tu yale yanayohusu mada yetu: mashamba yalibaki bila wenyewe, vinu vilinyamaza, wajane na mayatima wakarithi mibuni ambayo hawakujua kuitunza, na jirani hakuweza tena kumtazama jirani machoni. Atakayesema habari za motisha mbele ya watu hao hana budi aseme kwa heshima.

2001: bei mbaya zaidi, kazi ngumu zaidi

Mwaka 1999, huko Maraba, karibu na Butare kusini mwa nchi, wakulima wapatao 220 waliunda chama cha ushirika. Walikiita Abahuzamugambi, neno la Kinyarwanda lenye maana ya watu wanaounganisha nia, wanaofanya kazi pamoja kwa lengo moja. Fikiria jina hilo katika mwaka huo, miaka mitano tu baada ya mauaji. Miongoni mwa wanachama walikuwamo waliopoteza jamaa zao na wale ambao jamaa zao walikuwa gerezani. Hawakukutana kwa sababu walikuwa wamekwisha kupatana. Walikutana kwa sababu kila mmoja alihitaji fedha za karo na za kuezeka nyumba, na kidole kimoja hakivunji chawa.

Wakulima hao waliomba msaada katika Chuo Kikuu cha Taifa kilichokuwa Butare. Kupitia mradi ulioitwa PEARL, uliowaunganisha wataalamu wa chuo hicho na wa vyuo viwili vya Marekani, Michigan State na Texas A&M, kituo chao cha kwanza cha kuoshea kahawa kilijengwa Cyarumbo mwezi Julai 2001. Kilichelewa, sehemu kubwa ya msimu ilikuwa imekwisha kupita, na kahawa iliyooshwa hapo mwaka huo ilikuwa kidogo sana.

Sasa tazama hali ya soko. Mwaka 2001 bei ya kahawa duniani ilikuwa chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili, nayo ilikuwa ya chini kuliko ile ya msiba wa 1989. Kote duniani wakulima walikuwa wakiyatelekeza mashamba. Ndio wakati huo ambao watu wa Maraba walichagua kufanya kazi zaidi kwa ajili ya zao lilelile.

Na kazi iliongezeka kwelikweli. Chini ya utaratibu mpya, mkulima huchuma tunda moja moja, lile jekundu lililoiva, wala hapukuchui tawi zima. Hana budi kulifikisha kituoni siku ileile, kabla halijaanza kuchacha. Kituoni matunda humwagwa majini, na yaelayo hutengwa kwa kuwa ni mapungufu. Kisha humenywa kwa mashine, punje zikaachwa zichachuke kwa saa kadhaa, zikaoshwa katika mifereji, na kuanikwa juu ya vichanja virefu kwa takriban wiki mbili. Muda wote huo akina mama husimama kando ya vichanja wakizigeuza na kuzichambua kwa mkono, punje baada ya punje. Maganda hufanywa mboji na kurudishwa shambani. Maji machafu hayafai kumwagwa mtoni, maana huua samaki na kuwachafulia walio chini ya kilima. Hapana budi yatengewe mashimo.

Ni nani angekubali kazi hiyo kwa bei ya 2001? Hakuna, nao hawakuikubali kwa bei hiyo. Mwaka 2002 kampuni moja ya Louisiana, Marekani, ilinunua shehena ya tani 18 hivi za kahawa ya Maraba kwa dola 3 kwa kilo, wakati kahawa ya kawaida ilikuwa ikiuzwa kwa karibu dola moja. Mwaka uliofuata kahawa hiyo ilifika katika maduka ya Uingereza kupitia wakaangaji wa Union Coffee Roasters wa London. Safari hii mkulima hakungoja soko la dunia limhurumie. Alikuwa ametoka katika foleni ya kahawa isiyo na jina akaingia katika foleni fupi zaidi, ya kahawa yenye jina la kilima chake.

Siku mkulima alipoonja jasho lake

Bei ilisaidia, lakini mimi naamini kuna jambo jingine lililokuwa na uzito kuliko bei, nalo ni dogo kwa macho. Vijana wa Rwanda walifundishwa kuonja kahawa. Walikaa mbele ya safu za vikombe wakavuta kila kijiko kwa kishindo, wakatema, wakaandika. Wakulima nao walianza kuionja.

Kwa nini kuonja ni jambo kubwa? Kwa sababu kunamrudishia mtu macho ya kazi yake mwenyewe. Rwanda na nchi jirani zina tatizo linalojulikana kama ladha ya kiazi: punje moja iliyoharibika, mara nyingi kwa sababu ya mdudu aitwaye antestia, hukifanya kikombe kizima kinuke kama kiazi kibichi. Ukiliangalia tunda kutoka mbali huoni kitu. Mtu anayelipwa kwa uzito peke yake hana sababu ya kujali. Lakini aliyekionja kikombe kilichoharibika, akajua kwamba punje moja aliyoizembea ndiyo iliyoharibu jasho la majirani 100, hahitaji msimamizi wa kumchunga. Amekuwa msimamizi wa nafsi yake.

Kutoka Maraba utaratibu ulienea. Mwaka 2002 serikali ilitoa mkakati wa taifa wa kahawa uliotilia mkazo ubora. Vituo vya kuoshea, ambavyo mwanzoni mwa karne hii vilihesabika kwa vidole, leo ni zaidi ya 300. Mwaka 2007 mkahawa wa Bourbon Coffee ulifunguliwa katikati ya Kigali, na mwenyeji wa mji akaanza kunywa, kwa fahari, kile alichozoea kukiuza nje. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza barani Afrika kuandaa mashindano ya Cup of Excellence, ambapo waonjaji hukipima kikombe bila kujua kimetoka kwa nani. Mwaka huo, kumbuka, ndio ambao msukosuko wa fedha ulianzia Marekani na kuitikisa dunia nzima.

Je, sheria haina kazi?

Huenda ukaniuliza: ikiwa amri haijengi moyo, mbona Kigali imesafishwa kwa sheria? Swali ni zuri. Mwaka 2008 Rwanda ilipitisha sheria ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki, na mwaka 2019 ikaipanua ikagusa plastiki zinazotumika mara moja. Wenye maduka waliumia. Ilibidi watafute karatasi, nguo na majani ya migomba, na gharama ikapanda. Walakini sheria hiyo imedumu.

Jibu langu ni kwamba sheria hufungua mlango, lakini kuingia ni hiari ya mtu. Sheria ya plastiki ilimbana tajiri na maskini kwa kipimo kimoja, na faida yake kila mtu aliiona mbele ya nyumba yake: mfereji usioziba, bonde lisilojaa takataka, ng'ombe asiyekufa kwa kumeza mfuko. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, katika umuganda, raia huiinamia ardhi ileile inayolindwa na sheria hiyo. Amri ya kahawa ya zamani ilikuwa kinyume chake: ilimbana mkulima peke yake, na faida ikaonekana mbali na macho yake.

Kahawa yenyewe ilitupa mtihani wa pili hivi karibuni. Mwaka 2016 uliwekwa utaratibu wa kanda uliomtaka mkulima auze matunda yake katika vituo vya eneo lake tu. Nia ilikuwa njema: kuzuia wachuuzi wasioaminika na kuvipa vituo uhakika wa mali. Lakini mkulima aliyeona kituo cha jirani kikilipa vizuri zaidi hakuruhusiwa kuvuka. Malalamiko yalikuwa mengi, na mwaka 2023 utaratibu huo uliondolewa. Je, hukumbuki Kilimanjaro ya 1937? Miaka ni mbali, nchi ni nyingine, lakini moyo wa mkulima ni uleule: hukubali kushirikiana, hakubali kufungwa.

2020: vilima havikufunga milango

Tarehe 21 Machi 2020, kwa sababu ya janga la Uviko-19, Rwanda iliwafungia watu wake ndani, kati ya nchi za mwanzo kabisa barani Afrika kufanya hivyo. Biashara nyingi za Kigali zilifungwa. Machi ndio mwezi ambao mavuno ya kahawa huanza, na tunda lililoiva halijui karantini. Wakulima waliendelea kuchuma, vituo vikaweka maji ya kunawa na nafasi kati ya mtu na mtu.

Ugumu ulihamia barabarani. Rwanda haina bahari. Kahawa yake hushuka kwa malori hadi bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Mwezi Mei mwaka huo madereva walikwama mpakani Rusumo, walipotakiwa kuwakabidhi wenzao magari ili kuzuia maambukizi. Mabishano yalikuwa makali, nayo yaliendeshwa kwa lugha unayojifunza sasa hivi. Kiswahili si cha mtihani peke yake, ndugu yangu. Ndiyo lugha ya barabara inayoufikisha mzigo wa Kigali baharini.

Katika mwezi huohuo wa Mei, mifuko 3,000 ya kahawa ya Rwanda iliuzwa nchini China kupitia matangazo ya moja kwa moja mtandaoni, ikaisha ndani ya sekunde chache. Mlango huo haukufunguliwa na bahati ya siku moja. Rwanda ilikuwa imeingia katika jukwaa la biashara la eWTP la kampuni ya Alibaba tangu Oktoba 2018, wakati ambapo hakuna aliyejua kwamba janga lingekuja. Aliyechimba kisima wakati wa mvua ndiye aliyekunywa wakati wa kiangazi.

Tunajifunza nini?

Tusitie chumvi. Ushirika haukumaliza umaskini vijijini. Vyama kadhaa vililemewa na madeni, vituo vingine hupata matunda machache kuliko uwezo wao, na sehemu kubwa ya mibuni ya nchi imezeeka. Mvua nazo hazifuati tena kalenda ya mababu. Maraba haikuwa muujiza, na anayeisimulia kama muujiza huwanyima wakulima sifa yao ya kweli, yaani kazi.

Lakini linganisha tena 1989 na 2001. Zao ni moja, vilima ni vilevile, na bei ilikuwa mbaya mara zote mbili. Kilichobadilika ni nafasi ya mtu ndani ya kazi yake. Mara ya kwanza alikuwa mtumishi wa mbuni wake: bei ilipangwa bila yeye, ubora ulipimwa bila yeye, faida ilionekana bila yeye. Mara ya pili alikuwa na kiti katika mkutano, na jina lake liliandikwa katika daftari la ushirika. Alionja kikombe chake, na alikuwa na majirani waliomtegemea nao wakimsubiri kituoni jioni. Moyo wa kazi ulifuata nyuma ya mambo hayo, haukuyatangulia.

Basi ikiwa wewe, au mzazi wako, au rafiki yako, anafanya kazi ya namna hii, iwe kushona mifuko ya nguo Nyamirambo, kukusanya taka Kimironko, au kufuga nyuki Nyungwe, na sasa amechoka, usimwambie tu avumilie. Muulize: je, ana sauti katika bei ya kazi yake? Anauona mwisho wa kile anachokitengeneza? Yuko nani atakayejua asipofika kesho? Jibu likiwa hapana mara tatu, uchovu wake si udhaifu wa tabia. Ni taarifa, na taarifa hufanyiwa kazi.

Neno la mwisho ni la tahadhari. Mwanzoni mwa 2025 bei ya kahawa aina ya arabika ilipita dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho wakati huo kilikuwa hakijawahi kuonekana. Misukosuko mingine huja ikiwa imevaa nguo za neema. Bei ikiwa juu hivyo, hata tunda bichi hununuliwa, na kishawishi cha kupukuchua tawi zima hurudi. Atakayeendelea kuchuma lile jekundu tu, wakati hakuna anayemlazimisha, ndiye aliyejifunza somo la Maraba.

Msamiati

Mbuni (wingi: mibuni): mti uzaao kahawa. Usiuchanganye na mbuni, ndege mkubwa asiyeruka.
Kupukuchua: kuvuta matunda yote ya tawi kwa mkupuo mmoja, mabichi na mabivu.
Kuchachuka: kugeuka hali kwa kitu kilichoachwa kikachacha.
Kichanja (wingi: vichanja): meza ya miti au waya ya kuanikia mazao.
Mboji: mbolea itokanayo na majani na maganda yaliyooza.
Shehena: mzigo mwingi unaosafirishwa pamoja.
Ratili: kipimo cha uzito kinachokaribia nusu kilo.
Dafrao: pigo au mgongano wa ghafla.

Maswali ya tafakuri

1. Mwandishi anasema uzembe wa mkulima wa zamani ulikuwa "hesabu yake". Je, unakubaliana naye? Toa sababu.
2. Eleza tofauti kati ya amri ya kupanda kahawa na sheria ya kukataza mifuko ya plastiki, kwa upande wa nani alibanwa na nani alifaidi.
3. Ghasia za Kilimanjaro za 1937 na utaratibu wa kanda wa 2016 vinafanana kwa jambo gani? Vinatofautiana wapi?
4. Zungumza na mtu mmoja wa mtaani kwako anayefanya biashara endelevu. Mwulize maswali matatu yaliyo karibu na mwisho wa makala, kisha andika majibu yake kwa Kiswahili sanifu, katika aya mbili.